Maswali ya Wasomaji: Mkopo wa Chuo, Karatasi Zake na Saini Zake

Barua nyingi zilizofika mezani pangu mwezi huu zinahusu mkopo wa wanafunzi wa vyuo, ule unaotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Nimechagua barua tano, nikazifupisha na kuondoa majina. Kabla ya kustaafu nilikaa miaka minane katika dawati la mikopo la chuo kimoja, na katika miaka hiyo yote kilichoniuma zaidi ni kuwaona vijana wenye dhiki ya kweli wakikosa mkopo kwa sababu dhiki yao haikuwa na karatasi, au ilikuwa na karatasi zinazopingana. Kwa hiyo wasomaji wasinichoke nikirudia mambo ya vyeti, mihuri na tahajia za majina.

*Shikamoo mshauri. Nimemaliza kidato cha sita na ninaishi na mama yangu, ambaye anauza vitumbua sokoni. Baba alifariki nilipokuwa darasa la nne, akazikwa kijijini kwao, na hakuna aliyefuatilia cheti cha kifo. Pia jina langu katika cheti cha kuzaliwa linaanza na H, lakini katika vyeti vyote vya shule linaanza na Kh. Kaka mmoja wa jirani amenishauri niandike tu kwamba baba yu hai ili nisipate usumbufu. Nifanyeje? – Binti, Kilosa*

Marahaba binti yangu, na pole kwa msiba huo ambao najua bado unausikia. Nianze na ushauri wa huyo kaka, kwa sababu ndio wenye madhara makubwa kuliko yote. Usiandike kwamba baba yu hai. Bodi hupanga mikopo kwa kupima uwezo wa familia ya mwombaji, na katika kipimo hicho yatima hahesabiwi sawa na mwanafunzi mwenye wazazi wawili. Ukishaandika kwamba baba yupo, utaulizwa anafanya kazi gani, na kila utakachojaza hapo kitakuwa uongo unaokupunguzia haki yako mwenyewe. Isitoshe, siku utakapotaka kusahihisha kwa njia ya rufaa, utaonekana mtu aliyebadilisha maelezo baada ya kukosa fedha, wakati ukweli ni kwamba ulikuwa na haki tangu mwanzo.

Cheti cha kifo kinaweza kupatikana hata kama miaka imepita. Mahali pa kuanzia ni kwa mtendaji wa kijiji alikozikwa baba, si Kilosa unakoishi, kama vijiji hivyo ni viwili tofauti. Mama aende akiwa na mtu mmoja wa ukoo anayekumbuka mazishi, waombe barua ya mtendaji inayothibitisha kifo, tarehe yake na mahali alipozikwa. Kama kibali cha mazishi kilitolewa na kipo mahali fulani, hata katika sanduku la bibi, kitafutwe. Kutoka hapo mtakwenda kwa msajili wa wilaya wa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambaye katika wilaya nyingi ofisi yake iko katika majengo ya Mkuu wa Wilaya, na mtaeleza kwamba mnaomba kusajili kifo kwa kuchelewa. Mtaulizwa maswali na huenda mkarudishwa mara moja au mbili, lakini jambo hilo halipaswi kuwakatisha tamaa, kwa kuwa usajili uliochelewa lazima uchunguzwe zaidi ya ule uliofanywa kwa wakati.

Sasa lipo jambo la pili ambalo waombaji wengi hawalijui mpaka wamechelewa. Kuwa na cheti ni hatua moja, na cheti hicho kuhakikiwa ni hatua nyingine. Bodi hutaka cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, na cheti cha kifo cha mzazi pale kinapohusika, viwe vimepelekwa RITA kwa uhakiki ili ithibitike kwamba vimo katika daftari la usajili. Kwa waliozaliwa Zanzibar, kazi hiyo hufanywa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Uhakiki hufanywa kwa njia ya mtandao na una ada yake, na dirisha la maombi linapokaribia kufungwa foleni huwa ndefu, maana nchi nzima hukumbuka siku ileile. Simsahau kijana mmoja aliyenijia akiwa na cheti cha kifo cha mama yake kilichofungwa katika mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, kikiwa hakina kunjo wala doa. Alikitunza kwa miaka sita. Kilikuwa halali kabisa, ila hakikuwahi kuhakikiwa, na dirisha lilikuwa limefungwa siku mbili kabla. Nilimrudishia mkononi nikakosa la kumwambia.

Kuhusu jina, usilione kuwa dogo kwa kuwa ni herufi moja tu. Unapofungua akaunti ya maombi, utaanza na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, na jina litakalotumika ni lile lililo katika kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Hilo lenye Kh ndilo jina lako kwa mambo yote ya chuo na mkopo, kwa hiyo karatasi nyingine zote zilifuate. Unapokwenda kwa msajili wa wilaya kwa ajili ya cheti cha baba, uliza papo hapo utaratibu wa kurekebisha herufi katika cheti chako cha kuzaliwa, ili safari iwe moja. Kama utaambiwa kwamba marekebisho ya namna hiyo hayawezekani kwa haraka, njia nyingine ni hati ya kubadili jina, ambayo huandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Watu wengi huishia kwenye kiapo cha mahakamani wakidhani kimemaliza kazi, kumbe hati inayotakiwa ni ile iliyosajiliwa. Utakapofungua akaunti ya benki na kuomba kitambulisho cha Taifa, hakikisha herufi ni zilezile, moja baada ya nyingine, kwa sababu fedha za kujikimu huingia katika akaunti yenye jina la mwanafunzi.

Mama yako anaweza kuwa mdhamini wako. Atahitaji kitambulisho na picha ndogo, na saini yake. Mahali panapouliza kazi ya mzazi, andika kama ilivyo, kwamba ni mama anayeuza vitumbua sokoni; usiandike neno moja “mfanyabiashara” ukaliacha hapo, kwa kuwa neno hilo linamchukua muuza vitumbua na mwenye maduka matatu kwa pamoja. Kama kaya yenu imo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, tafuta namba ya kaya na uijaze, maana ni ushahidi wenye nguvu ambao tayari uko katika kumbukumbu za serikali. Kama shule ya sekondari ulisomeshwa na taasisi au shirika la dini, omba barua yao. Na kwa msomaji mwingine mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, ipo fomu yake ambayo husainiwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, na ifuatiliwe mapema vilevile.

Mwongozo wa maombi hutolewa kila mwaka, bila malipo, katika tovuti ya Bodi, na humo ndimo zilimo tarehe za dirisha na sifa za mwaka husika. Usome wote kabla ya kujaza chochote. Dirisha kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, lakini hizi kazi za cheti na jina hazina haja ya kulingoja. Anza kesho asubuhi.

*Mjini kwetu kuna stesheni (duka la kuchapa na kunakili karatasi) inayotoza shilingi 50,000 kujaza fomu ya mkopo, na wanatutaka tuwaachie namba zetu za siri ili “wafuatilie”. Vijana wengi wamekubali. Je, ndio utaratibu? – Mhitimu wa kidato cha sita, Singida*

Hapana kijana wangu, si utaratibu. Ada ya maombi inayokwenda Bodi imekuwa shilingi 30,000, nayo hulipwa mara moja kwa namba maalumu ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba, ambayo mfumo hukupa wewe mwenyewe ukishajisajili. Unailipa kwa simu au benki. Chochote kinachozidi hapo ni malipo ya huduma ya duka, na kama huna kompyuta si dhambi kulipia huduma hiyo, ila keti pembeni ya anayechapa, soma kila mstari kabla haujatumwa, na uweke namba yako ya simu na barua pepe yako mwenyewe. Nilipokuwa dawatini nilikutana na wanafunzi ambao maombi yao yalikuwa na kasoro ndogo, taarifa ya kurekebisha ikatumwa, nayo ikaenda kwenye simu ya mwenye duka aliyekuwa amejaza fomu za watu wengi kwa namba moja. Mwanafunzi yuko nyumbani anasubiri, dukani hakuna anayekumbuka taarifa ile ni ya nani.

Namba ya siri usimwachie mtu, na ukishamaliza kazi dukani ibadilishe. Kagua pia namba ya mtihani wa kidato cha nne: ile uliyotumia kuomba udahili wa chuo ndiyo itumike kuomba mkopo. Waliorudia mtihani wana namba mbili, na hao ndio hujikuta wamedahiliwa kwa moja na kuombewa mkopo kwa nyingine, hata ikaonekana kana kwamba ni watu wawili. Fomu ikishachapishwa, inatakiwa saini na muhuri wa kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na wa kamishna wa viapo, kisha kurasa hizo huskaniwa na kupakiwa katika mfumo. Zitazame baada ya kupakia. Ukurasa uliokatwa nusu muhuri ni sawa na ukurasa usio na muhuri. Nakala ya kila kitu ibaki nyumbani, si dukani.

*Assalaam alaykum. Kijana wangu anataka kuomba mkopo wa serikali, nami namzuia kwa sababu mbili. Kwanza nimesikia kuna riba, na sisi riba hatuigusi. Pili naogopa wasije wakanidai shamba asipopata kazi. Nimlaumu nani, nafsi yangu au yeye anayesema nampotezea maisha? – Baba wa mwanafunzi, Kondoa*

Wa alaykumu salaam mzee mwenzangu. Wala usijilaumu wala usimlaumu kijana. Nyote wawili mnalinda kitu chenye thamani. Mimi si mwanachuoni wa dini, na hukumu ya jambo lenyewe utaipata kwa shehe unayemwamini, lakini shehe atahitaji maelezo sahihi ndipo akujibu, na maelezo hayo naweza kukupa.

Ulichokisikia kilikuwapo. Zamani deni la mkopo huu liliongezewa asilimia 6 kila mwaka, iliyoitwa tozo ya kulinda thamani ya fedha, na anayechelewa kuanza kulipa aliongezewa adhabu ya asilimia 10. Kwa mhitimu aliyekaa miaka bila kazi, deni lilikua huku yeye hajashika hata mshahara wa kwanza, na nimewaona watu wazima, walimu wa miaka mingi, wakilia mbele ya hesabu zao. Siku ya Mei Mosi mwaka 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa ile tozo ya asilimia 6, na adhabu ya asilimia 10 ikaondolewa mwaka huohuo. Kilichobaki ni ada ya uendeshaji, ambayo imekuwa asilimia 1 ya mkopo na haijirudii mwaka hadi mwaka. Hayo ndiyo ya kumpelekea shehe: kwamba zamani kulikuwa na nyongeza iliyokuwa ikikua kwa kadiri ya muda, kwamba imeondolewa, na kwamba ipo ada ya kuendesha kazi. Mchukulie pia nakala ya mkataba ambao kijana atausaini, aisome mwenyewe.

Shamba lako halimo. Mwombaji haombwi hati ya shamba wala ya nyumba kama dhamana. Marejesho hutegemea kazi: mhitimu akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi na kuipeleka Bodi mpaka deni liishe. Kiwango hicho kilipandishwa kutoka asilimia 8 mwaka 2016, na sitakuficha kwamba ni kikubwa kwa kijana anayeanza maisha. Akipata mshahara wa msingi wa shilingi 700,000, shilingi 105,000 zitakatwa kabla hajaushika. Aijue hesabu hiyo leo, na nyumbani mwijue pia, ili siku akianza kazi msimwone mchoyo. Aliyejiajiri naye hana ruhusa ya kukaa kimya kwa kuwa hana mwajiri. Anatakiwa kujitokeza na kulipa mwenyewe. Na mdhamini anaposaini, jina lake limo katika mkataba, kwa hiyo ausome kabla ya kutia saini.

Maoni yangu mimi, kwa kuwa umeniuliza kama mzee mwenzio, ni kwamba kijana akikopa kinachotosha masomo na akajua tangu mwanzo kwamba ni deni, mkopo huu ni mwepesi kuliko kuuza ng’ombe wa uzazi au kuweka rehani shamba kwa mtu binafsi, jambo ambalo nimeliona likiangusha familia nzima.

*Awamu tatu za majina zimetoka na jina langu halimo. Rafiki yangu ambaye baba yake ni dereva wa basi amepata. Chuo kinadai ada. Je, nikate rufaa, na niandike nini? – Mwaka wa kwanza, Iringa*

Kabla ya rufaa, ingia katika akaunti yako ya mkopo usome inasemaje, usitegemee orodha zinazosambazwa na wenzako katika simu. Kuna mtu ambaye maombi yake hayakukamilika, kuna ambaye udahili wake haujaonekana kwa sababu ya namba au chuo kutofautiana, na kuna aliyepimwa akaonekana anajiweza kuliko wengine. Hawa watatu wote hujiita “nimekosa mkopo”, lakini dawa zao si moja. Wa kwanza na wa pili waende kwa afisa mikopo wa chuo leo, wakiwa na karatasi mkononi, kwa kuwa shida yao ni ya kurekebisha taarifa. Wa tatu ndiye wa rufaa.

Dirisha la rufaa hutangazwa baada ya upangaji kukamilika, na huwa fupi. Katika rufaa yako usimtaje rafiki yako hata kwa herufi moja. Hujui kilichomo katika fomu yake. Huenda baba dereva ana watoto wanne wanaosoma, huenda mama yake amefariki. Anayesoma rufaa anatafuta jambo moja, yaani nini kuhusu wewe ambacho hakikuonekana mara ya kwanza. Kama mzazi amestaafu au ameachishwa kazi, weka barua. Kama kuna maradhi yaliyokula akiba ya nyumbani, weka taarifa za hospitali. Kama TASAF haikujazwa, ijazwe. Rufaa yenye kurasa tatu za malalamiko na isiyo na kiambatisho kipya haina cha kupimwa upya.

Wakati unasubiri, mwandikie Mkuu wa Chuo au Mlezi wa Wanafunzi kuomba kulipa ada kwa awamu, na uandike barua, usiishie kuomba kwa mdomo. Na kama rufaa haitafanikiwa, usiache kusoma mwongozo wa mwaka unaofuata, kwa sababu mwanafunzi anayeendelea na masomo ambaye hakuwahi kupata mkopo anaweza kuomba, mradi amefaulu kuendelea. Wapo wanaodhani mlango hufungwa moja kwa moja mwaka wa kwanza, hawaombi tena, na huo ni upungufu wa taarifa unaowagharimu. Nitaje pia, kwa faida ya wadogo zako walio nyumbani, kwamba tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kuna Samia Skolashipu kwa waliofanya vizuri sana katika michepuo ya sayansi kidato cha sita, na kwamba tangu 2023/2024 mikopo imefika hata kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele.

*Shikamoo. Niko mwaka wa pili, nina mkopo. Semesta hii nimepata sapu mbili na nasikia watu wanasema bumu langu, yaani fedha ya kujikimu, litakatwa. Pia mwenzangu wa chumbani anaumwa sana, anataka kurudi kwao Bukoba apumzike hadi mwakani, na ameniomba nimsaidie mambo ya kusaini ili fedha zake zisipotee. Naogopa. – Mwanafunzi, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kuogopa, na umefanya vyema zaidi kuuliza.

Kwanza sapu zako. Mtihani wa marudio wenyewe haukufuti katika mkopo. Kinachoangaliwa ni kama umefaulu kuingia mwaka unaofuata, na taarifa hiyo hupelekwa Bodi na chuo, si na mwanafunzi. Ukizifaulu sapu, utaendelea bila kuomba upya. Ila kuna jambo la vitendo ambalo hakuna anayewaambia: matokeo ya waliofanya sapu hukamilika baadaye kuliko ya wenzao, hupelekwa baadaye, na kwa hiyo fedha zao za mwanzo wa mwaka mara nyingi huchelewa. Bumu ni shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata kiwango kamili, na malipo ya siku 60 ni shilingi 600,000. Mtu aliyezizoea akafika chuoni Novemba na nauli tu, akikuta jina lake halijatoka, atakula kwa mkopo wa duka kwa wiki nyingi. Tenga kitu sasa. Lipa chumba cha mwezi wa kwanza kabla hujaondoka likizo, na ukifika chuoni, siku ya kwanza nenda kwa afisa mikopo uulize kama matokeo yako yamekwisha kupelekwa. Usingoje mwezi uishe ndipo uulize.

Kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, ni jambo jingine, na kurudia mwaka kwa kufeli ni jambo jingine pia. Anayerudia mwaka kwa sababu ya kufeli asitegemee mkopo kwa mwaka huo anaourudia. Kwa hiyo kama somo moja linakushinda, nenda kwa mwalimu wake wiki hii, ukiwa na karatasi zako za mazoezi.

Sasa mwenzako. Usimsainie kitu chochote, hata akikuomba kwa machozi. Nilikuwapo chuoni mashine za alama za vidole zilipoletwa, nami najua zililetwa kwa sababu gani: fedha zilikuwa zikisainiwa kwa majina ya watu wasiokuwapo darasani. Siku ya kwanza ya kusaini kwa kidole ili kupokea fedha, foleni ilizunguka jengo lote, na alikuwapo msichana mmoja aliyefanya kibarua cha kuponda kokoto likizo nzima. Aliweka kidole gumba, mashine ikakataa. Akajifuta kwa kanga, akaweka tena, ikakataa. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini kama sahani. Wenzake nyuma wakaanza kunong’ona, naye akaanza kutetemeka akidhani amefutwa. Tulimjaribu kidole kimoja kimoja mpaka kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikasomeka, akakaa chini palepale sakafuni akalia. Ninakusimulia haya ili ujue kwamba hata mwenye haki kamili husimama mwenyewe mbele ya mashine ile, na kwamba anayepata tatizo akiwa yupo husaidiwa. Asiyekuwapo hana la kusaidiwa, na mtu anayemsainia anaingia katika kosa ambalo litawakuta wote wawili, pamoja na kutakiwa kurudisha fedha.

Tena fedha anazoogopa kuzipoteza hazipotei kwa namna anayofikiri. Malipo yasiyosainiwa hurudishwa Bodi, na hayaongezwi katika deni lake kwa kuwa hakuyapokea. Atakachopoteza kwa kweli ni nafasi yake, endapo ataondoka kimya kimya. Mgonjwa ana haki ya kuahirisha masomo. Aende kwanza hospitali apewe taarifa ya daktari yenye muhuri. Kisha aandike barua ya kuahirisha kwa mkuu wa idara yake, aambatanishe taarifa hiyo, na asubiri barua ya chuo ya kukubaliwa, kwa kuwa barua ya kuomba bila barua ya kukubaliwa haimlindi. Nakala ya barua ya chuo aipeleke kwa afisa mikopo ili mkopo wake usimamishwe rasmi kwa muda huo. Akipona, atarudi na barua hiyohiyo, chuo kitampa barua ya kurejea masomoni, na hiyo nayo itapelekwa Bodi ili malipo yaendelee. Tatizo huwapata wale waliokwenda nyumbani wakapona, wakarudi mwakani wakakuta wameandikwa watoro, wala hawana karatasi hata moja ya kuonyesha walikuwa wagonjwa.

Kama hawezi kutembea, wewe unaweza kumsaidia kwa njia iliyo halali kabisa: mpeleke hospitali, mwandikie barua aisaini mwenyewe, izungushe ofisi kwa ofisi kwa niaba yake, na upige picha kila ukurasa uliogongwa muhuri umtumie mzazi wake Bukoba. Kazi hiyo ikamilike kabla hajapanda basi.